Beit al-Amani na Vita Vilivyopita Forodhani

Nyumba nyeupe yenye kuba isimamayo Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ilichorwa na J. H. Sinclair, ikafunguliwa mwaka 1925 iwe ukumbusho wa kumalizika kwa Vita Vikuu vya Kwanza. Na kwa kuwa ilijengwa kwa jina la amani, ikaitwa Beit al-Amani. Mzuru aingiaye katika makumbusho hayo kutafuta habari za vita huenda akatoka na kiu yake, kwani kumbukumbu kubwa za vita vya Unguja hazikuwekwa chumbani, bali zimetandaa pwani, na azitakaye hana budi kushuka kwa miguu mpaka Forodhani.

Huko ataikuta Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya magofu ya kanisa lake. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mbele ya mlango wake iliwekwa mizinga miwili ya shaba, yenye alama ya mfalme wa Ureno, ambayo Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622: silaha iliyobadili mabwana kabla haijatulia ufukweni petu.

Lakini jambo zito kuliko yote lilitokea hapo hapo tarehe 27 Agosti 1896. Sultan wa Unguja, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alikuwa amefariki siku mbili nyuma, na Sayyid Khalid bin Barghash, pasipo idhini ya Waingereza, akaingia kasrini pamoja na wafuasi wapatao 2,800, miongoni mwao wakiwamo askari, watumishi, watumwa na raia wa mjini. Admirali Harry Rawson, aliyekuwa na manowari tano bandarini, alimpa muda hadi saa tatu asubuhi ateremshe bendera. Bendera haikuteremshwa, na dakika chache baadaye mizinga ikaanza kunguruma. Merikebu ya Sultan, Glasgow, ilijibu, ikazamishwa. Kwa muda wa dakika 38 hivi kasri liliwaka moto, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa Waingereza alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Watu hupenda kuvitaja vita hivi kwa ufupi wake, kana kwamba ufupi ndio ajabu yake. Mimi naona ufupi huo ndio unaotisha, kwani hapakuwa na nafasi hata ya mtu kumuaga mwenziwe.

Sayyid Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na huko akakaa hata Vita Vikuu vilipomfikia: Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, akafariki Mombasa mwaka 1927, miaka miwili baada ya Beit al-Amani kufunguliwa.

Vita hivyo hivyo vilikwisha kuigusa bandari ya Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Baadaye Königsberg yenyewe ilizamishwa na watu wake katika delta ya Rufiji, Julai 1915, na mzinga wake mmoja umo hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo kionekanacho kutoka mjini, chini ya misalaba iliyopangwa kwa taadhima, na ni haki yao. Waliokufa kasrini hutajwa kwa jumla, kama hesabu ya mizigo, na pahali pa kasri lao paligeuzwa bustani. Nami natamani kwamba ndani ya Beit al-Amani utengwe ukuta mmoja kwa ajili yao, na wazee wa mji waulizwe, kabla hawajaondoka, ni nani katika jamaa zao aliyekuwamo mle ndani asubuhi ile.