Darubini ya mwanzo

Darubini ya mwanzo ni darubini ndogo ya kutazamia anga inayomfaa mtu asiye mtaalamu, anayeitumia uani, barazani au juu ya dari la nyumba. Kwa kawaida kipenyo chake ni kati ya milimita 60 na 150, na mtu mmoja huibeba bila msaada. Ubora wake hutegemea mambo matatu: kipenyo cha lenzi au kioo kikuu, uimara wa kiweko, na lenzi za jicho zinazoambatana nayo. Ukuzaji, ambao ndio hutangazwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, huja nyuma ya hayo yote. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, uchaguzi wa kiweko una uzito wa pekee, kwa sababu viweko vingi vya dukani vimeundwa kwa ajili ya anga la Ulaya na Amerika Kaskazini.

Historia

Darubini ilijulikana Uholanzi mwaka 1608, pale Hans Lipperhey alipoomba hataza ya chombo hicho. Mwaka uliofuata Galileo Galilei alijitengenezea yake nchini Italia, akaiboresha hadi ikakuza takriban mara 20, na Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka Mshtarii. Mwaka 1668 Isaac Newton alitengeneza darubini inayokusanya nuru kwa kioo badala ya lenzi.

Kwa muda mrefu darubini kubwa ilikuwa mali ya vyuo na matajiri. Aliyechangia sana kubadili hali hiyo ni John Dobson (1915–2014), aliyekuwa mtawa wa Vedanta huko San Francisco, Marekani. Alisugua vioo kwa mikono yake kutoka kwenye vioo vya madirisha ya meli, akavitia ndani ya mabomba ya karatasi ngumu, kisha akayaweka mabomba hayo juu ya sanduku la mbao linalozunguka. Kuanzia mwaka 1968 yeye na wenzake walitembeza darubini hizo barabarani ili wapita njia wachungulie. Mtindo wake, unaoitwa Dobson, leo ndio unaopendekezwa zaidi kwa wanaoanza.

Kipenyo na ukuzaji

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la kijana hufunguka kufikia milimita 7 hivi gizani. Lenzi ya milimita 70 ina upana mara kumi ya huo, hivyo hukusanya nuru mara 100 zaidi. Kioo cha milimita 150 hukusanya takriban mara 460. Kipenyo ndicho pia huamua upambanuzi, yaani uwezo wa kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Rijili Kantori, inayoonekana kama nyota moja kwa macho matupu, hugawanyika kuwa mbili hata kwa lenzi ya milimita 70.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini yenye fokasi ya milimita 700 hukuza mara 28 ikitiwa lenzi ya jicho ya milimita 25, na mara 70 ikitiwa ya milimita 10. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa hiyo boksi la darubini ya milimita 60 linaloahidi ukuzaji wa mara 525 linaahidi ukungu: baada ya mara 120 taswira huendelea kukua, lakini hufifia na haiongezi jambo jipya.

Aina

*Darubini ya lenzi* haihitaji marekebisho mengi na huwa tayari mara inapotolewa ndani. Ya milimita 70 yenye fokasi ya milimita 700 ni chaguo la kawaida kwa bajeti ndogo. Kasoro yake ni utando wa rangi ya zambarau kandokando ya vitu ving'avu kama Zuhura na ukingo wa Mwezi.

*Darubini ya kioo* hutoa kipenyo kikubwa zaidi kwa fedha ileile. Zinazouzwa sana kwa wanaoanza ni za milimita 114, 130 na 150. Vioo vyake viwili hupaswa kulinganishwa mara kwa mara kwa kuzungusha skrubu zilizo nyuma ya kioo kikuu. Mnunuzi ajihadhari na darubini fupi ya bei rahisi inayodai fokasi ya milimita 1000 ilhali bomba lake halizidi nusu mita. Huwa na lenzi ya ziada ndani ya bomba, na mara nyingi taswira yake ni mbovu na vioo vyake ni vigumu kulinganisha.

*Darubini ya Maksutov*, iliyobuniwa na Dmitri Maksutov wa Urusi mwaka 1941, huunganisha lenzi na kioo katika bomba fupi. Hufaa sana kwa Mwezi na sayari, lakini huonyesha eneo dogo la anga kwa wakati mmoja.

Kabla ya zote hizi, darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 ni mwanzo halali. Huonyesha miezi ya Mshtarii mikono ikitulizwa, na Kilimia huonekana vizuri humo kuliko katika darubini nyingi kubwa.

Kiweko na ikweta

Kiweko kinachotikisika huharibu hata lenzi bora. Kipimo rahisi cha dukani ni kugonga bomba kidogo kwa kidole: mtikisiko usipotulia ndani ya sekunde mbili au tatu, kiweko hicho ni dhaifu.

Kiweko cha ikweta hufuata nyota kwa mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga. Mhimili huo huinuliwa kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali. London ni digrii 51, lakini Nairobi ni digrii 1.3, Mombasa 4 na Dar es Salaam karibu 7. Viweko vingi vya bei nafuu haviwezi kulazwa kiasi hicho. Uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi kabla mhimili haujafika. Isitoshe, Kutubu, nyota ambayo watu wa kaskazini huilenga ili kupanga mhimili, iko chini ya upeo wa macho Dar es Salaam, na ncha ya kusini haina nyota ng'avu ya kuishika nafasi hiyo.

Kwa hiyo kiweko cha kawaida cha kupanda na kuzunguka, au sanduku la Dobson, ndicho kinachofaa Afrika Mashariki. Nacho kina tatizo lake. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo kwa ukuzaji wa mara 100 sayari huvuka eneo la kuonekana kwa dakika mbili hivi, na mtazamaji hulazimika kusukuma bomba polepole. Sayari inapofika utosini, jambo la kawaida karibu na ikweta, Dobson huwa ngumu kuizungusha. Dawa yake ni kuitazama saa moja kabla au baada ya hapo.

Yanayoonekana

Eneo la ikweta lina faida ambayo miji mingi ya Ulaya haina: nyota za pande zote mbili. Jioni za Aprili na Mei, Salibu huonekana kusini huku Dubu Mkubwa akiwa kaskazini.

- *Milimita 60–70:* mashimo ya Mwezi, hasa kwenye mstari unaotenganisha nuru na giza. Hilali ya Zuhura. Pete za Zohali kuanzia ukuzaji wa mara 30 hivi. Nebula ya Jabari.
- *Milimita 114–130:* mikanda ya mawingu ya Mshtarii kwa uwazi. Titani, mwezi mkubwa wa Zohali. Mirihi yenye alama za giza inapokaribia Dunia, kila baada ya miezi 26 hivi.
- *Milimita 150–200:* Omega Kantarusi, fungunyota kubwa la kusini, huanza kugawanyika kuwa nyota mojamoja; galaksi nyingi huonekana kama madoa hafifu penye giza.

Rangi zinazoonekana katika picha za nebula hazitokei kwenye lenzi ya jicho, kwani jicho halioni rangi katika nuru hafifu. Pete za Zohali nazo hubadilika: Machi 2025 zilielekezwa ubavu kwa Dunia zikawa kama uzi, na huendelea kufunguka katika miaka inayofuata.

Usalama na matunzo

Jua halitazamwi kwa darubini isiyo na kichujio maalumu kinachofunika mdomo mzima wa bomba. Vichujio vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho, vilivyouzwa pamoja na darubini za zamani, hupasuka kwa joto na kuharibu jicho papo hapo, vitupwe. Onyo hili lina maana ya karibu: mnamo 1 Septemba 2016 kupatwa kwa Jua kwa pete kulipita Rujewa, mkoani Mbeya, na kupatwa kwa 2 Agosti 2027 kutaonekana kwa sehemu Afrika Mashariki.

Pwani, unyevu huotesha kuvu kwenye lenzi. Darubini ihifadhiwe kavu, ikiwa na vipakiti vya silika. Itolewe nje nusu saa kabla ya kutumiwa ili ipoe, na isielekezwe juu ya mabati ya jirani mapema usiku, maana joto linalopanda kutoka humo hutetemesha taswira.

Uboreshaji

Mara nyingi kinachostahili kubadilishwa kwanza ni lenzi za jicho, na bomba hubaki lilelile. Lenzi za jicho za aina ya Plössl, zenye shina la milimita 31.75, hutoa taswira safi kuliko zile zinazotoka na boksi, na zitatumika hata kwenye darubini ijayo. Lenzi ya Barlow ya mara mbili huongeza ukuzaji wa kila lenzi uliyonayo. Kitafutio cha nukta nyekundu hurahisisha kulenga kuliko kidarubini kidogo cha plastiki. Programu ya bure ya Stellarium huonyesha kilicho angani saa yoyote.

Kubadili darubini yenyewe kuna maana pale ongezeko la kipenyo linapoonekana wazi: kutoka 70 hadi 150, au kutoka 114 hadi 200. Hatua ya kutoka 114 hadi 130 huleta nuru ya ziada ya asilimia 30 tu. Dobson ya milimita 200 huzidi kilo 20 pamoja na sanduku lake. Anayekaa nyumba ya chini yenye uani ataifurahia. Anayekaa ghorofani pasipo lifti hufaidi zaidi ile ya milimita 130 inayowekwa juu ya meza, kwa sababu ndiyo atakayoitoa nje mara nyingi.