Samaki wa mapambo nyumbani: kabla ya tangi la baharini, fikiria furu

Picha za matangi ya samaki wa baharini yenye matumbawe ya kila rangi zinasambaa sana kwenye simu. Wasikilizaji wetu wa kanda ya ziwa wametuuliza kama mtu anayeanza anaweza kuwa na tangi dogo la namna hiyo nyumbani. Anaweza, lakini kwa mtu wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe ni njia ndefu na ya gharama, na samaki wa rangi nzuri wapo hapa hapa ziwani.

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Tangi la lita 60 linahitaji zaidi ya kilo 2, na chumvi ya jikoni haifai. Inatakiwa chumvi maalumu yenye kalsiamu na madini mengine ambayo matumbawe hutumia kujenga mifupa yao. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi inabaki, kwa hiyo tangi dogo huzidi kukolea usipoongeza maji yasiyo na chumvi karibu kila siku. Tena matumbawe ni wanyama hai. Wanataka taa kali na maji yanayozunguka usiku na mchana, na umeme ukikatika saa nyingi wanaanza kufa. Kuwachukua baharini bila kibali ni kosa.

Samaki tunaowapendekeza ni furu, wale wadogo ambao watoto huwavua kwa ndoano kwenye mawe. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu ambazo hazipatikani kwingine duniani. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980, na inakadiriwa kuwa aina 200 hivi za furu zilitoweka. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu 1977, waliyaona mabadiliko hayo yakitokea mbele ya macho yao. Aina kadhaa ziliendelea kutunzwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani.

Furu wa kwenye mawe, ambao wengi huku huwaita mbipi, bado wapo. Mmoja wao ana dume mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, na hilo jina la pili lilitolewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Si vibaya kumwonyesha mtoto wa shule samaki mwenye jina la Baba wa Taifa.

Tangi lenyewe

Wengi huanza na chombo kidogo wakidhani ni rahisi. Ni kinyume chake, kwa sababu maji machache huchafuka haraka. Mwambie fundi wa vioo akutengenezee tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Hilo linachukua lita 112. Kioo kiwe cha milimita 8. Gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni yenye dawa huua samaki. Iache ikauke wiki nzima. Tangi hilo likijaa maji, mawe na mchanga litakaribia kilo 150 au zaidi, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haitoshi. Liweke mbali na dirisha lenye jua, la sivyo maji yatapata joto kali na kuwa ya kijani. Hita haihitajiki Mwanza.

Mawe hayanunuliwi kwetu. Yasugue kwa brashi bila sabuni, yapange yakae imara chini ya tangi kwanza, ndipo umwage mchanga uliooshwa. Ukitanguliza mchanga, furu watauchimba na jiwe litaangukia kioo. Acha mapango mengi, kwa maana samaki aliyeshindwa ugomvi anahitaji pa kujificha.

Maji ya kutumia

Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani lakini yametiwa klorini. Yaweke kwenye ndoo zilizo wazi siku 2 kabla ya kuyatumia.

Maji ya kuchota ufukweni ni jambo la kuangalia sana, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi, hata ya mkono unaopanga mawe. Usiingie ziwani kuchota. Chuja maji kwa kitambaa ili konokono wasipite, kisha yaache kwenye chombo saa 48 kamili bila kuyagusa. Vijidudu visipopata mtu kwa muda huo hufa. Usilete konokono wala majani ya ziwani kwenye tangi, kwani mayai ya konokono hushikamana na majani. Kwa sababu hiyo hiyo, unapobadilisha maji usivute mpira kwa mdomo.

Wiki za mwanzo bila samaki

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza samaki wao. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na maji yakiwa na asili ya magadi kidogo kama yalivyo mara nyingi ya ziwa letu, inakuwa kali zaidi. Ziwani sumu hiyo hutawanyika. Kwenye tangi inasubiri bakteria. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao huota taratibu juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio.

Kwa hiyo jaza maji, washa pampu ya hewa yenye sifongo, tia dagaa waliosagwa kiasi cha kubana kwa vidole viwili kila baada ya siku 2 au 3, kisha subiri wiki 4 hadi 6. Maji yatakuwa kama ya maziwa kwa siku kadhaa, halafu yatatakata. Ukimjua mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, omba kipande cha sifongo yake na ukiweke kwenye chujio lako kikiwa bado kibichi. Kipande hicho kinaweza kukuokolea wiki kadhaa. Sifongo ikiziba, ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi. Ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini, utaua bakteria uliowangoja mwezi mzima.

Kuingiza furu

Ongea kwanza na afisa uvuvi au BMU ya mwalo wako kuhusu kibali. Usinunue furu wa kokoro. Kokoro ni zana haramu, na tena samaki wake huwa wamechubuka. Waliovuliwa kwenye maji mafupi ndio bora, maana wanaovutwa haraka kutoka kilindini huvimba tumbo.

Weka aina moja tu, dume 1 na majike 4 au 5. Tanguliza majike 2. Madume wawili kwenye tangi la ukubwa huu watapigana mpaka mmoja afe. Majike wa aina mbalimbali hufanana sana, na wao humtambua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba maji ya ziwa yanapokuwa machafu, rangi hazionekani vizuri na aina za furu huanza kuchanganyikana. Kwenye tangi lenye dume wa aina moja na majike wa nyingine, hilo hutokea hata maji yakiwa safi.

Lisha mara moja kwa siku, chakula cha kumalizwa ndani ya dakika 2. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ukiona jike amevimba kidevu na hali chakula, usimpe dawa, kwani ana mayai mdomoni. Atayabeba wiki 2 hadi 3.

Umeme ukikatika usilishe. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, au tumia pampu ndogo ya hewa inayochajiwa kwa sola ya nyumbani.

Ukichoka kufuga

Usimwage ziwani samaki, majani wala maji ya tangi, hata kama samaki ni furu uliyemtoa huko huko. Anaweza kurudi na ugonjwa au akaingia kwenye miamba ya furu wa aina nyingine. Gugu maji, lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo mingi, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake kwenye mabwawa ya mapambo. Samaki wape shule au mfugaji mwingine. Maji ya tangi mwagia mchicha, mbali na mto na mtaro.