Kauli ya Wazee na Kauli ya Akina Mama

Heshima ni mali isiyouzwa sokoni. Aliyejaliwa nayo akinena, watu hutega masikio. Ndiyo maana wanaotaka kuondoa mila zinazowadhuru wanawake huwaomba wazee na viongozi wa dini wawe wasemaji wao. Walakini historia hutufundisha kwamba heshima ya msemaji peke yake haitoshi.

Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lilipiga marufuku ukeketaji. Wazee walikubaliana kwa kauli moja, na serikali ya kikoloni ikawaunga mkono. Lakini barazani hapakuwa na mwanamke hata mmoja, ilhali kumwingiza msichana katika utu uzima kulikuwa kazi ya akina mama. Msichana alijua kuwa asiyekatwa hakuhesabiwa mwanamke kamili, na amri ile haikumpa njia nyingine ya kuipata hadhi hiyo. Basi wasichana walinunua nyembe madukani, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake, "Nitajitahiri mwenyewe." Kwa muda wa miaka 3 watu zaidi ya 2,400, wake kwa waume, walishtakiwa kwa kuivunja amri.

Miaka 41 baada ya amri hiyo, mambo yalikwenda vingine katika nchi ya Senegal. Wanawake wa Malicounda Bambara, baada ya kujifunza habari za afya na haki zao, walitangaza tarehe 31 Julai 1997 kwamba wameacha ukeketaji. Majirani waliwalaumu. Hapo Demba Diawara, imamu wa kijiji cha Keur Simbara, alitambua kuwa kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa kuwa mabinti huolewa katika vijiji vingine. Mzee huyo hakuamuru. Alikwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji, akazungumza na jamaa zake, akawasikiliza. Februari 1998 vijiji 13 vilikutana Diabougou, vikatoa ahadi ya pamoja.

Wazee wa Meru na imamu wa Senegal wote waliheshimiwa. Tofauti yao ni kwamba wale walisema mahali pa wanawake, na huyu alisema pamoja nao. Kenya ilipitisha sheria ya kukataza ukeketaji mwaka 2011, na sheria ni ngao njema kwa msichana. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mzee atakaye kumlinda binti yake na aanze kwa kumwuliza mama yake.