Hifadhidata za kumbukumbu: watumiaji huhesabiwaje?

Tarehe 2 Januari mwaka 2002, Uingereza ilifungua kwenye intaneti kumbukumbu za sensa ya mwaka 1901, zenye habari za watu wapatao milioni 32 wa England na Wales.

Mitambo iliandaliwa kuhudumia watumiaji milioni 1.2 kwa siku. Badala yake, idadi hiyo ilijitokeza katika muda wa saa moja. Baada ya siku chache huduma ilisimamishwa, na ilirejea kikamilifu mwezi Novemba mwaka huo.

Wengi waligonga hodi, lakini waliopata walichokitafuta walikuwa wachache. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kupima matumizi ya hifadhidata yoyote.

Maombi, kurasa na ziara

Kompyuta inayohifadhi tovuti, yaani seva, huandika kila ombi inalopokea: saa, anwani ya mwombaji na faili aliloomba.

Kipimo rahisi ni kujumlisha maombi yote, lakini hupotosha. Ukurasa mmoja wenye picha 20 huhitaji mafaili 21, hivyo msomaji mmoja huweza kuonekana kama maombi 21.

Ndiyo maana wapimaji hupendelea kuhesabu kurasa zilizofunguliwa, au ziara. Kwa kawaida ziara huhesabiwa kuwa imekwisha mtumiaji anapokaa dakika 30 bila kufungua chochote.

Roboti nazo, yaani programu zinazozunguka intaneti zikikusanya habari, hufungua maelfu ya kurasa bila binadamu yeyote kusoma.

Kanuni za pamoja

Mwaka 2002 maktaba na wachapishaji walianzisha mpango wa kimataifa uitwao COUNTER, ili hesabu za watoa huduma mbalimbali ziweze kulinganishwa.

Chini ya kanuni zake, roboti huondolewa, na mtu akibofya kitu kile kile mara mbili ndani ya sekunde 30 huhesabiwa mara moja. Toleo la tano, lililoanza kutumika mwaka 2019, hutenganisha kutazama maelezo ya waraka na kuufungua waraka wenyewe.

Wasioonekana

Hata hivyo, anwani ya kompyuta si mtu. Wanafunzi kumi katika mgahawa mmoja wa intaneti mjini Mwanza au Kisumu huweza kuonekana kama mgeni mmoja. Mtu mmoja mjini London mwenye simu, kompyuta ya nyumbani na ya ofisini huweza kuhesabiwa kuwa watatu.

Tofauti hiyo si ndogo pale fedha za kuendeleza hifadhidata zinapogawiwa kwa kufuata takwimu. Kumbukumbu zinazotegemewa na watu wanaochangia mitambo zinaweza kudhaniwa hazina wasomaji.

Kutafuta na kupata

Kipimo chenye manufaa zaidi ni orodha ya maneno yaliyotafutwa bila kuleta jibu. Anayemtafuta babu yake kwa jina la Hamisi hatampata ikiwa karani aliandika Khamis, na hifadhidata haikuunganisha tahajia hizo mbili.

Katika hesabu ya kurasa, mtu huyo aliyejaribu mara nane na kuondoka mikono mitupu huonekana mtumiaji mzuri kuliko aliyepata waraka wake mara moja. Kwa hiyo takwimu za seva huhitaji kuandamana na maswali kwa watumiaji wenyewe: walikuja kutafuta nini, na je, walikipata?