Kigavi-akiba: kisanduku kinachoshikilia mlango stima ikipotea

Nchiru, kwenye barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua, ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Penye chuo cha namna hiyo hapakosi maabara ya kompyuta, ofisi za mitihani na hosteli za kupangisha, yaani mahali ambapo mlango wa kufunguliwa kwa kadi au kwa kidole una kazi ya kufanya. Fundi anayefunga mitambo hiyo huzungumza na mteja kwa maneno matatu: akses, maglok na pawasaplai ya bakapu. Mawili ya kwanza mteja huyaelewa kwa kuona, kwa sababu kisomakadi na kufuli la sumaku vipo mbele ya macho yake. La tatu ni kisanduku cha chuma kinachofichwa juu ya dari, na hilo ndilo linalohitaji maelezo.

Kisanduku hicho kina kazi tatu. Kwanza, hupokea umeme wa Kenya Power, ambao ni mkondo geu wa volti 240, na kuushusha kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12. Pili, hulisha kufuli, kisomakadi na kidhibiti kinachoamua nani aingie. Tatu, huichaji betri iliyomo ndani yake, kwa kawaida kwa volti 13.8 hivi, na kuiweka imejaa wakati wote. Stima ikipotea, betri hushika zamu papo hapo. Hakuna anayebonyeza swichi, na kufuli halipati hata nafasi ya kulegea.

Tukiite nini kwa Kiswahili? Kukiita chaja ni kutaja kazi moja na kuziacha mbili. Adapta haina betri. Jina la "kigavi rudufu" linavutia, kwa kuwa wanakompyuta wamezoea nakala rudufu, lakini kurudufu ni kutoa kitu cha pili kinachofanana na cha kwanza. Nakala ya faili haipungui kwa kusomwa, ilhali umeme wa betri hupungua kila dakika unapotumika. Betri hairudufu stima ya Kenya Power. Huweka kiasi chake kidogo kwa ajili ya baadaye.

"Kigavi cha dharura" nalo lina kasoro. Katika matumizi yetu, umeme wa dharura ni ule unaowashwa mambo yakiharibika, kama wa jenereta, na kinachosubiri kuwashwa chaweza kukataa. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ya Kenya ilikosa stima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta ilishindwa kuwaka na abiria wakabaki gizani. Betri ya mlango haisubiri kuwashwa, maana imeungwa kwenye waya ule ule tangu asubuhi.

Neno akiba ndilo linalobeba maana zote mbili: kitu kilichowekwa kabla ya shida, na kitu chenye kikomo. Kigavi nalo linatokana na ugavi, na wasomaji wanamjua afisa ugavi: hupokea mali, huigawa kwa wanaoihitaji, na huhakikisha ghalani pamebaki kitu. Hivyo ndivyo kisanduku hiki kifanyavyo. Kwa hiyo napendekeza kigavi-akiba, na katika maandishi ya zabuni, kigavi-akiba cha mlango.

Faida ya jina hili ni kwamba linamlazimisha mteja kuuliza swali la pili: akiba ya muda gani? Jibu ni hesabu ya darasani. Kufuli la sumaku la ukubwa wa kawaida, lenye nguvu ya kushika kilo 280 hivi, hula takriban nusu ampea kwa volti 12. Kisomakadi na kidhibiti tuvipe ampea 0.2. Jumla ni 0.7. Betri inayotiwa sana katika visanduku hivi ni ya ampea-saa 7. Gawanya kwa 0.7, unapata saa 10. Lakini hizo ni saa za kwenye karatasi. Betri ya risasi na asidi hupimwa ikitumiwa polepole, kwa saa 20, na ikikamuliwa haraka zaidi hutoa pungufu. Ikizeeka hutoa pungufu tena, na joto chini ya mabati huizeesha upesi. Mwenye busara atahesabu saa 6, kisha ataibadilisha betri kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Anayetaka usiku mzima na anunue betri kubwa zaidi, akihakikisha kigavi chenyewe kinaweza kuichaji.

Istilahi hii haikamiliki bila majina ya aina mbili za makufuli. Lipo kufuli la kuachilia, ambalo hufunguka likikosa umeme. La sumaku ni la namna hii. Lipo pia kufuli la kushikilia, ambalo hubaki limefungwa likikosa umeme, na anayetoka hulifungua kwa mkono kutoka ndani. La kwanza ndilo linalotegemea akiba ili duka lisibaki wazi usiku. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui: moto ukiwaka, mtu akazima swichi kuu akidhani sumaku itaachia, mlango utabaki umefungwa, kwa sababu betri ingali inaulisha. Dawa yake ni kidude cha kuvunja kioo kilichofungwa kati ya kigavi-akiba na kufuli, kinachokata umeme wa betri pamoja na ule wa stima.

Kenya imelipa gharama kubwa kwa milango isiyofunguka. Machi 2001, moto katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wanafunzi 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Kufuli la kisasa halimwondolei mwenye hosteli wajibu huo.

Basi, unayeagiza mtambo wa mlango, iwe Nchiru au kwingineko, andika kwenye mkataba kigavi-akiba, saa ngapi, na kufuli la namna gani. Siku ya kukabidhiwa kazi, zima swichi kuu mbele ya fundi na uhesabu muda mlango unavyoshika. Kisha, betri ingali inashika, bonyeza kidude cha kuvunja kioo. Mlango usipofunguka, usimalize malipo.