Malale: Damu Safi Si Kupona

Mwaka 1903, huko Entebbe, ugonjwa wa malale ukiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, David Bruce na wenzake waliwaacha mbung'o waliokwisha kunyonya wagonjwa wawang'ate tumbili wazima. Tumbili wakaugua, na vimelea vya tripanosoma vikaonekana katika damu yao. Mwaka uliofuata, mjini Frankfurt, Paul Ehrlich na Kiyoshi Shiga waliponya panya kwa rangi nyekundu ya tripani. Kisha ikaja atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo Robert Koch aliwapa wagonjwa wa visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907. Vimelea vikatoweka katika damu na tezi, matumaini yakapanda. Lakini wengi waliugua tena, na baadhi yao wakapofuka.

Sababu ya kuugua tena ilikuja kufichuliwa na panya. Vimelea vikiingia mwilini huzaana upesi. Kinga huvitambua kwa koti lao la protini na kuviua, ila vichache vilivyobadili koti husalia na kuzaana upya. Panya aliyeambukizwa aina kali hufa baada ya siku chache tu, damu yake ikiwa imejaa vimelea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Glasgow walitumia aina inayoua polepole, ili vimelea vipate muda wa kuingia ubongoni. Waliisafisha damu kwa dawa isiyopenya vizuri ubongoni, wakasubiri. Wiki kadhaa baadaye vimelea vilirudi damuni, vikitokea ubongoni. Mwaka 2016, tafiti za panya zilionyesha kwamba hujificha pia katika ngozi na mafuta ya mwili.

Kuna hoja kwamba panya si binadamu, na kwamba Aldo Castellani alishaviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa tangu 1902. Ni kweli. Hata hivyo, kuviona humo hakukuthibitisha kwamba ndimo ugonjwa unamotokea tena baada ya tiba. Hilo lilihitaji mnyama anayeweza kutibiwa, kusubiriwa, kisha kupasuliwa. Kosa la zama za Koch lilikuwa haraka ya kutangaza ushindi, wala si kutegemea wanyama. Feksinidazoli, dawa ya vidonge iliyokubaliwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2018 baada ya majaribio kwa wagonjwa nchini Kongo, ilipimwa kwanza kwa panya ambao ubongo wao ulikwisha kuambukizwa. Dawa yoyote ijayo ya malale inapaswa kupita mtihani huohuo kabla ya kuitwa tiba.