Nyeri na Miji ya Mlima Kenya: Kwa Nini Sichoki Kurudi

Sisi watu wa pwani safari zetu za bara huishia Nairobi. Mimi husonga mbele, kiasi cha kilomita 150 kaskazini, hadi Nyeri.

Kabla ya Nyeri kuna Karatina, mji wa soko la mboga, viazi na nguo. Nyeri yenyewe ni mji wa kahawa na baridi. Misikiti ipo, usihofu. Kaunti hiyo ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi, na pia Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi iliyoanza na kupanda miti. Mbele zaidi ni Nanyuki, mji wa Ikweta. Fika Januari au Februari, uamke alfajiri: baada ya swala, mawingu hayajapanda, utaiona Batian, kilele cha mita 5,199.

Lakini kinachonirudisha ni maji. Mito ya mlima huo na ya Nyandarua ndiyo huujaza mto Tana, unaoshuka Garissa na Garsen mpaka baharini. Msitu wa kule ukifyekwa, ndugu zetu wa Tana Delta ndio watakaolia. Basi twendeni tukaujue mlima unaotunywesha.